Kiharusi na Kupooza: Maneno Mawili, Maana Mbili

Miongoni mwa maneno yanayohitaji uangalifu katika maandishi ya afya ni kiharusi na kupooza. Aghalabu maneno haya hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, hata katika vipeperushi na barua za serikali. Makala hii inakusudia kuyatenganisha na kupendekeza matumizi ya istilahi zinazoandamana nayo. Tumeonelea vyema kulijadili suala hili kwa kuwa hapa istilahi si pambo la lugha. Mgonjwa wa kiharusi huokolewa na muda, na muda hupotea iwapo jamaa zake hawakulitambua jambo lililompata.

Kiharusi ni tukio. Hutokea ghafla pale damu inapokosa kufika sehemu fulani ya ubongo, au inapovujia ndani yake, na sehemu hiyo ikaanza kufa. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006, kiharusi kikubwa kisichotibiwa huua seli za neva za ubongo zipatazo milioni 1.9 kila dakika. Kupooza, kwa upande mwingine, ni hali ya kiungo kukosa nguvu. Hali hiyo huweza kuletwa na kiharusi, lakini pia huletwa na polio au kuumia kwa uti wa mgongo. Tena si kila apatwaye na kiharusi hupooza: mmoja hupotewa na usemi, mwingine huona nusu ya vitu vilivyo mbele yake, mwingine hupepesuka. Basi tangazo linalotaja kupooza peke yake huwaacha wagonjwa hawa nje.

Hata wataalamu wamelihamisha neno hili. Katika toleo la 10 la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, kiharusi kiliwekwa pamoja na magonjwa ya mzunguko wa damu. Katika toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, kimo katika magonjwa ya mfumo wa neva. Mfasiri akumbuke, kwa hiyo, kwamba kiharusi ni ugonjwa wa ubongo, wala si shtuko la moyo.

Aina zake kuu ni mbili. Ya kwanza twaweza kuiita kiharusi cha kuziba, ambapo donge la damu huziba mshipa. Ya pili ni kiharusi cha kuvuja, ambapo mshipa hupasuka. Dalili haziwezi kuzitenganisha kwa hakika, ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha ya ubongo kwanza. Dawa ya kuyeyusha donge, ambayo kwa kawaida hutolewa kabla ya kupita saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, humfaa wa kwanza na huweza kumwua wa pili. Hapa pana mtego wa lugha. Tukiandika “afike hospitali kabla ya saa 4 na nusu”, msomaji ataitazama saa ya ukutani! Hatuna budi kuandika “kabla ya kupita muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze”, na kuongeza kwamba asisubiri hata dakika moja.

Lipo pia shambulio ambalo dalili zake hutoweka zenyewe baada ya muda mfupi. Wengine huliita kiharusi kidogo, na mtu akisikia kidogo hulala nyumbani. Twapendekeza kiharusi cha onyo, kwa kuwa kikubwa huweza kufuata baada ya siku chache.

Neno presha nalo lina utata. Kila mtu aliye hai ana shinikizo la damu. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu, ambalo ndilo kisababishi kikuu cha kiharusi kinachoweza kuzuiwa. Katika maandishi rasmi neno juu lisiachwe.

Sasa tutazame athari. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu walio wengi ndio wenye kumiliki lugha. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka takriban silabi moja tu, ilhali alifahamu mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Hali ya namna hii huitwa afasia. Kumwita mgonjwa huyu bubu si sahihi, na kumwita punguani ni dhuluma: maneno yamemponyoka, akili haikumtoka. Mwalimu au karani anayemhudumia na aseme naye kwa sentensi fupi, ampe nafasi ya kujibu, wala asimsemee.

Mwisho ni njia ya kurejea. Baadhi ya maandishi hutumia neno urekebishaji, ambalo lina harufu ya gereza. Twaona utengamao lafaa zaidi, nalo limekwisha kuzoeleka katika huduma za afya nchini Tanzania. Utengamao hujumuisha mazoezi ya viungo, mafunzo ya usemi na mazoezi ya kazi za kila siku, kama vile kuvaa na kula. Huwezekana kwa sababu ubongo una unyumbufu: sehemu zilizo nzima hujifunza baadhi ya kazi za zile zilizokufa. Maendeleo huwa ya haraka zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, lakini hayakomi hapo. Kwa hiyo kupata nafuu kusichanganywe na kupona. Anayeahidiwa kupona huvunjika moyo asipopona. Anayeelezwa nafuu huhesabu kila hatua aliyopiga.

Kwa muhtasari, twashauri kiharusi kiwe jina la tukio, kupooza jina la athari mojawapo, na utengamao jina la safari ya kurejea. Wasomaji walio na maneno bora zaidi kutoka sehemu zao wanaombwa kutuletea, ili yapimwe pamoja na haya.