Pointi moja dhidi ya Angola, na kile Kaloleni inaweza kuokota kwa Morans

Kama umekulia Kaloleni, Makongeni au Maringo, unajua hii mitaa ya Jogoo Road ni ya kandanda. City Stadium, siku hizi Uwanja wa Joe Kadenge, iko hapo tu mlangoni. Basketi? Wengi mtaani huona ni mchezo wa watoto wa kishua na wale wa kampasi. Lakini nipe dakika tano nikupigie stori ya Morans, timu ya taifa ya wanaume, juu inakuhusu kuliko unavyodhani.

Anza na namba hizi. Kenya iliandaa AfroBasket hapa Nairobi 1993 na ikamaliza ya nne. Halafu kimya. Miaka 28 bila kurudi kwenye mashindano hayo. Kama ulizaliwa baada tu ya 1993, ulikua ukijua Kenya ni timu ya kutazama wengine kwa TV.

Mambo yalianza kubadilika 2019. Kocha Cliff Owuor alipeleka vijana Bamako, Mali, kwa AfroCAN, mashindano yaliyolenga wachezaji wa ligi za hapa Afrika. Hakuna aliyewapa nafasi. Wakafika fainali, wakapoteza kwa DR Congo na kurudi na fedha. Hapo ndipo watu waliamka: kumbe wachezaji wetu wa ligi ya nyumbani wanaweza.

Lakini kuweza mara moja si sawa na kuwa timu. Novemba 2020, kwenye mechi za kufuzu mjini Kigali, Morans walifunga Msumbiji lakini wakachapwa na Senegal na Angola. Mapema 2021 timu ikakabidhiwa Liz Mills, mama kutoka Australia aliyekuwa amefundisha Zambia na Cameroon. Mtaani na mitandaoni ungesikia wasee wakiuliza, mwanamke atafunza wanaume basketi aje?

Jibu lilikuja Februari hiyo hiyo, Yaoundé. Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, walikuwa mbele kwa pointi moja saa ikielekea kuisha. Mpira ukamfikia Tylor Ongwae, kijana aliyepitia University of Louisiana at Monroe kule Marekani na wakati huo akicheza Denmark. Akaruka, akaachilia, king'ora kikalia, mpira ukaingia. 74-73. Ushindi huo ndio uliofungua mlango wa Kigali, na Mills akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kama kocha mkuu katika AfroBasket.

Sasa sikiza hapa, juu ndio pointi yangu. Kila mtu anakumbuka ile shuti. Lakini shuti ya mwisho hutegemea mambo ambayo hayaonekani kwa klipu ya sekunde kumi. Kuna yule aliyekaba dakika 40 ndio Angola wasitoroke. Kuna yule aliyezoea kufunga kwa klabu yake, lakini kwa timu ya taifa akaambiwa kazi yako ni ribaundi, na akakubali bila kununa. Kuna walio kwa benchi ambao hawakugusa mpira na bado walikuwa wa kwanza kuruka. Hiyo ndiyo watu huita utamaduni wa timu. Kocha kazi yake kubwa ni kufanya kila mtu ajue kazi yake na aione ina maana.

Kigali, Agosti 2021, walipoteza kwa Nigeria na Côte d'Ivoire, wakafunga Mali, kisha wakatolewa na Sudan Kusini 60-58. Pointi mbili tu.

Angalia hizo timu mbili zilienda wapi baadaye. Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru 2011, ilibaki na mfumo wake: Luol Deng akiongoza shirikisho, Royal Ivey akifundisha. Wakafuzu Kombe la Dunia 2023. Julai 2024, London, walipoteza 101-100 kwa Marekani yenye LeBron James, kisha wakafunga Puerto Rico kwenye Olimpiki ya Paris. Kwetu, Mills aliondoka mwaka huo huo wa 2021. AfroBasket ya 2025 ilipochezwa Angola, Sudan Kusini walikuwepo, Uganda walikuwepo, Rwanda walikuwepo. Kenya hatukuwepo.

Inauma, lakini inafunza. Talanta haikupotea kati ya 2021 na 2025. Kilichokatika ni mwendelezo. Na si ati Kenya hatuwezi kuujenga: Nairobi City Thunder walichukua ligi 2024 bila kupoteza mechi, na 2025 wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL.

Kwa nini nakuambia haya wewe wa Kaloleni? Juu basketi ni mojawapo ya njia chache ambapo mtoto wa mtaa anaweza kusomeshwa na mwili wake. Strathmore, USIU na Zetech wana timu kwenye ligi. Mimi chuo niliacha karo iliponishinda, kwa hivyo najua bei ya huo mlango. Kocha wa chuo akija kukutazama, kuruka kwako ataona kwa dakika mbili. Dakika zingine zote anaangalia unafanya nini ukitolewa, unamjibu aje refa, unakimbia kurudi kukaba au unasimama ukilalamika.

Na hiyo haihitaji udhamini. Kama mko wasee wanane na ringi moja isiyo na nyavu, wekeni saa ya mazoezi na muiheshimu, hata mvua ikinyesha. Anayechelewa asianze mechi, hata kama ndiye mkali wenu. Mwenye kiatu kizuri asiwe na sauti kuliko wengine. Tafuteni mtu mzima mmoja wa kusimamia, na msimfukuze mkipoteza mechi mbili.

Fanyeni hivyo miaka miwili mfululizo, halafu mniite nije niandike juu yenu.