Mkonga na Midomo Mingine ya Injini

Huku Kasanda, kata iliyokuwa ya Kibondo hadi wilaya ya Kakonko ilipozaliwa mwaka 2012, Land Cruiser huitwa mkonga kabla ya kuitwa jina la kiwanda chake. Mtu akikwambia mkonga umepita, unajua ni gari lile refu lenye bomba jeusi lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Magari hayo tuliyazoea enzi za kambi za wakimbizi, Mtendeli, Kanembwa na Nduta, yakibeba wauguzi na dawa. Watu waliyaona yakizama hadi boneti na kuibuka ng'ambo, wakaamini kwamba bomba ndilo linalovusha.

Imani hiyo sasa imeshuka hadi kwenye pikipiki. Masika iliyopita nililetewa gereji pikipiki ya cc 125 iliyofungwa kipande cha bomba la plastiki, lile la kuvutia maji nyumbani, kutoka kwenye boksi la eya klina hadi nyuma ya mgongo wa dereva. Viungo vilikazwa kwa mpira wa tyubu. Kijana mwenyewe alikuwa ameisukuma kutoka bondeni, gunia la maharage likiwa bado limefungwa nyuma.

"Mwakeye, fundi. Mkonga haukuguswa na maji hata kidogo, lakini imezima na kiki haishuki."

Alikuwa anasema kweli. Mdomo wa mkonga ulikuwa mkavu kabisa. Tulipofungua silinda tukakuta konrodi imepinda.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya konrodi ile, na kwa sababu sasa naulizwa pia kuhusu pikipiki za magurudumu manne. Wenye mashamba na miradi ya mabondeni wanazitamani, na kila muuzaji anazisifia mkonga. Kazi ya mkonga ni kuhamisha mdomo mmoja wa injini kutoka chini kwenda juu. Injini, gia boksi na difu zina midomo mingine mingi, na maji huyatafuta yote.

Tuanze na huo mdomo mkubwa. Injini hula hewa kuliko mafuta. Kila gramu ya petroli huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri, na ukiugeuza uzito huo kuwa ujazo, lita moja ya petroli humaliza zaidi ya lita 9,000 za hewa kwa mtu aliyeko Dar es Salaam. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma, kwenye mita 1,200 hadi 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi zaidi, kwa hiyo lita ileile hudai zaidi ya lita 10,000. Injini inavuta hewa hiyo kwa nguvu na bila kuchagua. Mdomo ukizama, itavuta maji kwa nguvu ileile.

Hapo ndipo hasara inapotokea, kwa sababu hewa hubanika na maji hayabaniki. Chukua pikipiki ya cc 125 ambayo mgandamizo wake ni 9 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kati yake na kichwa cha silinda ni kama mililita 16, yaani kijiko kimoja cha chakula. Maji yakizidi hapo, pistoni inagonga kitu kisichosogea huku uzito wa krenki unaozunguka ukiendelea kuisukuma kutoka chini. Kilichonyooka hupinda, na konrodi ndiyo iliyoko katikati. Injini kubwa hazina nafuu. Ile ya dizeli ya 1HZ, iliyobeba Land Cruiser nyingi za hapa, ina silinda sita, cc 4,164 na mgandamizo wa 22.4 kwa 1. Ukipiga hesabu utakuta nafasi hiyo kwa kila silinda ni mililita 32 tu, vijiko viwili vya maji kwa gari la tani mbili.

Jina la mkonga lilipatikana vizuri. Tembo anapovuka maji marefu huinua mkonga wake juu na kupumua huku mwili wote umezama. Wanajeshi wa majini wa Uholanzi walifanya jambo hilohilo kwa nyambizi zao mwishoni mwa miaka ya 1930: wakaziwekea bomba la kuvutia hewa ili injini za dizeli zifanye kazi chombo kikiwa chini ya uso wa maji. Wajerumani walilichukua wazo hilo walipoiteka Uholanzi mwaka 1940. Lakini nyambizi imezibwa pande zote, tofauti na pikipiki yako.

Niseme pia jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa gari linalotembea barabara zetu za udongo mwekundu, faida kubwa ya mkonga huonekana kiangazi. Vumbi huelea kwa wingi karibu na ardhi, na hewa ya usawa wa paa ni safi kuliko ile inayovutwa nyuma ya taa. Kati ya Juni na Septemba, eya klina ya gari lenye mkonga hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kujaa, na ringi za pistoni hazisagwi na mchanga. Hata kama dereva hatavuka mto maisha yake yote, bomba limelipa gharama yake. Lakini lazima viungo vyote viwe vimezibwa. Nimekuta magari yenye mkonga mzuri wa kupendeza ambao kwa ndani haukuungwa na boksi la eya klina, umepachikwa tu pembeni kama urembo.

Kuna jaribio lisilohitaji kifaa. Washa injini, iache kwenye sailensa, kisha ziba mdomo wa mkonga kwa kiganja au kwa kipande cha mpira. Ikiwa viungo ni vizima, injini itaanza kukaba na kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hujafanya kitu, ujue inavuta hewa kwingine, na pale inapovutia hewa ndipo itakapovutia maji. Pikipiki ya yule kijana ingejaribiwa hivyo isingezima. Mpira wa tyubu hauwezi kuziba kiungo cha duara kinachotetemeka siku nzima. Kinachofaa ni mpira wa hosi unaostahimili joto, klampu ya chuma ya kukaza kwa bisibisi, na silikoni kwenye kila shimo la boksi, pamoja na mfuniko wake.

Hata hivyo, hicho hakikuwa kilichomzimisha kwanza. Alizima maji yakiwa chini kidogo ya magoti, na boksi la eya klina lilikuwa bado juu ya maji. Kilichomzimisha ni kabureta. Kabureta ina kibakuli kidogo cha petroli chenye boya lake, na petroli hupanda kutoka kwenye kibakuli hicho vizuri pale tu hewa ya juu yake inapolingana na hewa ya nje. Kwa hiyo ina vijipira vyembamba vya kupumulia, na katika pikipiki nyingi vijipira hivyo vinaning'inia chini, karibu na injini. Vikizama, kibakuli kinakosa pumzi na mchanganyiko unaharibika. Pikipiki inakohoa mara mbili, tatu, halafu kimya. Dawa yake ni rahisi kuliko mkonga wowote: ungia kijipira cha kupumulia tawi jingine, ulipandishe hadi chini ya tangi la mafuta, karibu na usukani. Kijipira cha kumwagia petroli iliyozidi kiachwe kilipo. Kazi ya nusu saa.

Midomo mingine imejificha zaidi. Injini ina tundu la kutolea pumzi ya oili. Gia boksi ina lake, na chombo chenye difu kina jingine juu ya difu. Matundu haya yaliwekwa ili joto likipanda hewa iliyotanuka itoke bila kusukuma sili. Lakini fikiria difu iliyopanda kilima hadi ikafikia nyuzi 80, halafu ikatumbukia kwenye maji ya nyuzi 20. Hewa iliyo ndani inapungua ujazo kwa karibu sehemu moja ya sita kwa muda mfupi sana, na nafasi hiyo lazima ijazwe. Difu huvuta maji kupitia tundu la juu, na tundu likiwa limezibwa na tope huvuta kupitia sili. Chombo kitaendelea kutembea vizuri, mwenyewe akishukuru Mungu, na wiki kadhaa baadaye beringi zinaanza kulia. Ukichomoa nati ya chini inatoka oili ya rangi ya chai ya maziwa. Hasara hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu kipande cha mpira kilichopandishwa juu ya usawa wa maji kingeizuia.

Sasa pikipiki ya magurudumu manne. Honda walianza na chombo cha magurudumu matatu mwaka 1970, na Suzuki wakaleta cha manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Matoleo mengi ya leo hayana gia za kubadilisha kwa mguu. Yana mkanda mpana wa mpira unaozunguka kwenye puli mbili zinazobadili upana zenyewe, na mkanda huo hupata joto kali, kwa hiyo nyumba yake huingiza hewa baridi upande mmoja na kutoa ya moto upande mwingine. Maji yakiingia humo, mkanda unateleza. Injini inanguruma ila magurudumu hayaendi, na chombo kimesimama katikati ya mto. Kwa hiyo chombo hiki huhitaji mikonga mitatu: wa injini, wa kuingizia hewa kwenye mkanda na wa kuitoa. Anayekuuzia mmoja amekuuzia theluthi ya kazi.

Ukiifunga, usibane njia. Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa asili, lisiwe refu bila sababu, na kona ziwe chache na za mviringo. Kila kona kali inainyima injini hewa, na hapa kwetu hewa tayari imepungua kwa karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na pwani. Nimeendesha pikipiki moja ya magurudumu manne iliyofungwa mabomba membamba yenye kona nne. Ilipanda kilima kama imebeba mawe, na plagi ilitoka nyeusi kwa masizi.

Lakini hata mikonga mitatu iliyofungwa kwa ustadi haikwambii kama mto unavukika, na hili naliomba lisomwe polepole. Tairi nene la chombo hiki, lenye kipenyo cha sentimita 63 hivi na upana wa 25, linasukuma lita 60 au zaidi za maji likizama. Zidisha kwa manne. Umepata nguvu ya kunyanyua inayokaribia kilo 250, na vyombo vingi vya aina hii vina uzito wa kilo 250 hadi 350. Maana yake, maji yakifika juu ya matairi, chombo kinaanza kuelea. Kwenye bwawa tulivu utacheka. Kwenye kijito cha masika kinachokimbilia Malagarasi, matairi yakiacha kushika chini huna usukani wala breki, na maji yakiongeza kasi mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Bonde la Malagarasi na Muyovozi, lililoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, lina zaidi ya hekta milioni tatu. Maji yote ya vilima vyetu yanatafuta njia ya kwenda huko. Aliye na mkonga huingia mahali ambapo asiye nao angesimama, akapima kwa fimbo, akasubiri.

Mimi, kwa bodaboda wa Kasanda, sifungi mkonga. Akiniuliza namwambia apandishe vijipira vya kabureta, azibe boksi la eya klina, apake grisi kwenye kofia ya plagi ili umeme usipotee, na akifika maji ya juu ya magoti ashushe mzigo, azime injini, asukume. Fedha ya bomba anunulie oili. Kwa gari la zahanati au chombo cha magurudumu manne cha shamba la bondeni, hapo nakubali. Lakini nafunga vyote au sifungi kabisa.

Na chombo kikizima majini? Zima swichi, acha seli na kiki. Yule kijana alifanya ambalo wengi tungelifanya: alitoka kwenye maji, akaiteremsha pikipiki kilimani ikiwa kwenye gia ya pili, akaachia klachi. Uzito wake, wa pikipiki na wa gunia la maharage vyote vilikwenda kwenye konrodi moja.

Itoe kwanza kwenye maji. Inua gurudumu la mbele juu ili maji yaliyoingia kwenye ekzosi yamwagike kwa nyuma, maana injini iliyonyamaza haina tena moshi wa kuyasukuma. Chomoa plagi. Ndipo upige kiki, taratibu, plagi ikiwa nje, na maji yataruka kupitia tundu lake. Rudia hadi liteme ukungu mkavu wa petroli. Legeza skrubu ya chini ya kabureta, kibakuli kimwagike. Kausha eya klina. Tazama oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage hapohapo, weka mpya, washa dakika chache bila kuongeza mafuta, imwage na hiyo, weka nyingine. Kiki ikigoma kushuka hata plagi ikiwa nje, usiilazimishe. Tafuta mtu wa kukusaidia kuisukuma hadi kwa fundi, hata kama ni kilomita kumi na jua linazama.