Mashine Mzee, Edita Mzee

Lapi yangu ni ex-UK ya 2011, RAM 4GB. Nilibuy Luthuli thao kumi na moja, baada ya kubishania bei hadi sauti ikaisha. Betri ilikuwa imekufa kitambo: ukichomoa chaja, giza papo hapo. Halafu cuzo akaimwagia chai. Ilipokauka, batani zote nne za mishale zikagoma. Na hapo ndio nadai mimi ni dev. Mzae akiniskia nikibonga mambo ya kukodi huuliza nakodi keja gani.

Mbogi yangu yote iko VS Code, hiyo edita ya kukodi. Sina noma nayo, ni kali, Microsoft waliitoa 2015 na ni ya bure. Lakini imejengwa juu ya Electron, so ukiifungua umefungua brauza ya Chromium nzima nzima ndani yake, na mashine yangu haina hicho kifua. Ongeza YouTube kando, feni inalia ka nganya ikipanda mlima.

Nikatoa Windows, nikaweka Lubuntu. Geany nilijaribu, ni tamu na nyepesi, na ka mishale yako iko sawa baki hapo tu. Yangu ndio haiko. Msee mmoja wa base akanicheki akacheka. "Buda, ingia Vim. Huko mishale ni ya nini?"

Siku ya kwanza nilishikwa. Unachapa, hakuna kitu. Unachapa tena, laini nzima imehepa. Kutoka ndio ngori yenyewe: nilifinya Esc, nikafinya Ctrl, nikafinya hadi vidole vikauma, mwisho nikachomoa chaja. (Unatoka na :q! lakini hiyo niliambiwa kesho yake, wasee wakiwa wameshika mbavu.)

Kwa Vim unasonga na h, j, k, l: kushoto, chini, juu, kulia. Nilidhani ni madharau tu ya hawa wasee wa kompyuta. Kumbe mzazi wa Vim, anaitwa vi, aliandikwa na Bill Joy huko Berkeley, California, kitu 1976, na teminali alikuwa nayo, ADM-3A, haikuwa na batani za mishale kando. Mishale ilichorwa juu ya hizo herufi nne zenyewe. Modemu yake nayo ilikuwa ya baud 300, skrini inajichora polepole kuliko akili yako. Ndio maana amri ni fupifupi: dd inafuta laini, u inairudisha. Maze, huyo jamaa alikuwa amesota kuniliko! Miaka hamsini baadaye, chai ya cuzo imenirudisha kwa kibodi ya Bill Joy.

Kuna kitu ingine. Fungua Vim bila faili, utaona inakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Mi nilidhani nimeshika virusi. Chapa :help uganda, inakupea stori yote. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim 1991. Baadaye akajitolea mwaka mzima Kibaale, pande za Rakai karibu na mpaka wa Tanzania, akishughulika na maji na vyoo, mahali Ukimwi ulikuwa umeacha watoto wengi bila wazazi. Tangu hapo Vim ni mwendo wa hivi: tumia bure, ukiipenda tumia watoto wa huko kitu kidogo. Bram alituacha Agosti 2023. Hiyo laini ya Uganda ilibaki.

Jana saa mbili usiku stima ikapotea, mtaa mzima ukapiga ile kelele yake. Lapi ikazima nikiwa katikati ya fankshoni. Kurudi, nafungua faili, Vim inanirushia onyo refu kuhusu faili ya .swp. Kumbe huwa inajiandikia pembeni, kila herufi 200, ama ukinyamaza sekunde nne. Nikafinya R. Laini moja tu ndio ilikosekana, na hiyo nilikuwa nishaiharibu mimi mwenyewe.