Elimu Tatu na Jani Moja Katika Nchi ya Waturkana

Elimu ni bahari, walisema wazee wetu, na bahari haina pwani moja. Mgeni atakayefika Lodwar, kisha akasafiri kiasi cha kilomita 120 hadi Kakuma, ataona jua, mchanga na mbuzi. Hatadhani kwamba katika nchi hiyo kavu zimekutana elimu tatu ambazo huko vyuoni hata hazisalimiani: elimu ya fedha, elimu ya chembe za nuru, na elimu ya wadudu waharibifu. Zimekutana juu ya kitu kimoja: jani.

Tuanze na nuru. Wataalamu wa fizikia wanatwambia kuwa nuru ya jua huja kwa chembe ziitwazo fotoni. Jani bichi humeza chembe nyekundu likajipikia chakula chake, na hurudisha juu chembe za aina nyingine zisizoonekana kwa macho yetu. Setilaiti huzipima zote mbili. Nyekundu zikizidi kurudi, malisho yamekauka.

Hesabu hiyo ndiyo waliyoichukua wachumi wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, ya Nairobi. Mwaka 2010 walianza huko Marsabit bima isiyohesabu mizoga: ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa. Mwaka 2013 bima hiyo ikafika Wajir kwa njia ya takaful, kwani Waislamu hawawezi kuridhia mkataba wenye riba na gharari. Katika takaful watu huchangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana. Mwaka 2015 serikali nayo ikaanza mpango wake Turkana na Wajir, ikiwalipia ada wafugaji wanyonge.

Adui wa jani hilo ni nzige. Waliingia Kenya mwishoni mwa 2019, baa ambalo nchi haikulipata mfano wake kwa miaka 70, na mwaka 2020 wakaivamia Turkana. Kundi la kilomita moja ya mraba laweza kuwa na nzige milioni 80, na kwa siku moja likala chakula cha watu 35,000. Wataalamu wa taasisi ya icipe, iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, waligundua kwamba tunutu wakinusishwa harufu ya madume waliokomaa, umoja wao huvunjika wakatawanyika.

Basi je, kazi imekwisha? La. Uko mti uitwao mathenge, ambao Waturkana huuita etirae. Mwaka 1973 ulipandwa karibu na Mombasa yetu kufunika machimbo ya mawe, na baadaye ukapelekwa kaskazini kuzuia mchanga. Leo umesongamana kando ya mto Turkwel pale Lodwar, na mto Tarach pale Kakuma. Mizizi yake huchimba mbali, hivyo hubaki kijani hata wakati wa kiangazi kikali. Lakini majani yake mbuzi huyakataa.

Hapo ndipo penye hatari. Setilaiti huona kijani, mbuzi huona njaa, na fidia yaweza isije ilhali zizi linamalizika.

Kwa hiyo mtafiti hana budi kumwendea mchungaji na kumwuliza. Elimu tatu zimelipima jani. Ya nne, ya mchungaji, ndiyo ijuayo kama jani hilo linalika.