Jinsi Tamaa na Uovu Vinavyomjenga Mhusika: Mfano wa Pahom

Mwalimu, huenda umewahi kusahihisha jibu kama hili: "Mhusika huyu ana tamaa. Mwishowe anakufa." Mwanafunzi hajakosea, lakini hajaonyesha jinsi tamaa ilivyomjenga mhusika. Hebu tuitumie hadithi fupi maarufu ya Leo Tolstoy wa Urusi, iliyotolewa mwaka wa 1886, inayouliza mtu anahitaji ardhi kiasi gani.

Mwanzoni Pahom ni mkulima mdogo mwenye bidii. Jirani yake ni bibi mwenye shamba kubwa, na msimamizi wa shamba hilo huwatoza wanakijiji faini mifugo yao inapoingia humo. Pahom hutozwa mara kwa mara, akarudi nyumbani na hasira. Tunamhurumia. Haja yake ya ardhi ni ya haki.

Bibi anapoamua kuuza, Pahom anakusanya akiba, anakopa na kununua takribani ekari 40. Sasa mifugo ya majirani inaingia kwake. Kwanza anawasamehe, kisha anawashtaki na kuwatoza faini. Miti yake inapokatwa, anamshuku Simon na kumpeleka mahakamani bila ushahidi. Simon anaachiliwa, Pahom anagombana hata na waamuzi. Hapa ndipo penye kiini cha uhusika wake: aliyeumizwa na faini amekuwa mtoza faini. Uovu umeanza kitambo kabla ya kifo.

Je, Ibilisi ana nafasi gani? Yeye humsikia Pahom akijigamba kuwa angekuwa na ardhi ya kutosha asingemwogopa hata Ibilisi mwenyewe, naye anakusudia kumnasa kwa ardhi hiyohiyo. Hata hivyo, Ibilisi hamlazimishi Pahom kutenda lolote. Kila uamuzi ni wa Pahom. Mwanafunzi anayeandika kwamba Ibilisi ndiye aliyemwangamiza anamwondolea mhusika wajibu wake.

Walinganishe pia Wabashkiri. Wana ardhi tele, hawailimi, na wanaishi kwa furaha. Wanamwahidi Pahom ardhi yote atakayoizunguka kwa siku moja kwa rubo 1,000, mradi arudi penye kofia ya mkuu wao kabla ya jua kutua. Usiku anaota Ibilisi akicheka mbele ya maiti, na maiti ni yeye mwenyewe. Hiki ni kidokezi cha mwisho wake, lakini anakipuuza. Mchana, kila anapotaka kupinda kona anaona kipande kingine kizuri. Anarudi mbio, anaifikia kofia na kuanguka akiwa amekufa. Anazikwa katika kaburi la futi 6 hivi. Kinaya ni kwamba swali la hadithi limejibiwa na mchimba kaburi. Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma.

Darasani, waelekeze wanafunzi wagawe ukurasa sehemu mbili: Pahom kabla ya kununua ardhi na Pahom baada ya kununua. Kila sifa waithibitishe kwa tendo. Kisha waulize: ni wapi angeweza kusimama? Watakaotaja siku ya kofia wamechelewa. Watakaotaja kesi ya Simon wameisoma hadithi vyema, na pengine watalikumbuka swali hilo siku watakapogombania mpaka wa shamba na jirani.