Vitanda vya Bembea Ziwani: Biashara Inayofungwa Asubuhi na Kufunguliwa Jioni

Kuanzia Juni hadi Agosti, ufuko wa Ziwa Victoria upande wa Kagera hubadilika sura. Masika yamekwisha, njia za kuteremkia ziwani zimekauka, na jioni watu wa Bukoba hushuka mchangani kupunga upepo wakitazama Kisiwa cha Musira. Huko Muleba, kwenye mialo ya bara na ya visiwa kama Bumbire na Goziba, jua hilohilo ndilo linaloanika dagaa. Kiangazi ni msimu wa kazi na wa mapumziko kwa pamoja. Ipo kazi moja inayogusa pande zote mbili, nayo ni kusuka na kukodisha vitanda vya bembea, yaani vile vitanda vya wavu vinavyofungwa kati ya miti miwili.

Sababu ya kwanza ya kuipenda kazi hii ni ziwa lenyewe. Mei 2020 maji yalipanda hadi kuvuka kimo cha juu kilichowekwa mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena. Waliokuwa wamejenga karibu na maji walijionea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwekezaji mdogo anayemwaga zege ufukweni anagombana na maji na sheria kwa wakati mmoja. Kitanda cha bembea hakidai msingi wala paa. Asubuhi unakifunga, jioni unakifungua na kukitia kwenye gunia.

Sifa hiyo ndiyo iliyokisambaza duniani. Wenyeji wa Amerika walikuwa wakikilalia kabla Columbus hajafika visiwa vya Bahamas mwaka 1492, na kufikia 1597 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limekikubali kuwa kitanda cha mabaharia. Chombo kikiyumba, kitanda kilibaki kimetulia, na kulipokucha kilikunjwa ili watu wapate nafasi ya kufanyia kazi.

Ujuzi upo mwaloni

Sababu ya pili ni ujuzi: kitanda cha bembea ni wavu, na kwa wavu Kagera haina haja ya kuagiza mwalimu. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa haifui dafu mbele ya mwezi, dagaa hawakusanyiki, na wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Siku hizo za kila mwezi ndizo za kusukia vitanda.

Mtazame mshonaji akiwa kazini. Uzi umezungushwa kwenye sindano ya wavu, na mkono wa pili umeshika kibao kinacholinganisha ukubwa wa matundu. Uzi unapita mbele ya kibao, sindano inaingia katika tundu la mstari wa juu, kidole gumba kinabana, sindano inazunguka nyuma ya nyuzi mbili, kisha anavuta kwa mara moja. Fundo likikazwa hivyo halitelezi. Kwa kitanda, mshonaji huyo atabadilisha mambo mawili tu: atatumia uzi mnene zaidi, na ncha zote atazikusanya kwenye pete imara ya chuma kila upande.

Uzi wa nailoni uliosokotwa una nguvu na unavutika kidogo, kwa hiyo hupokea mshtuko vizuri. Pamba ni laini mwilini, lakini unyevu wa Bukoba utaiotesha ukungu isipoanikwa. Mkonge wa Tanga unafaa kwa mapambo na mikeka, ila hukwaruza ngozi na huoza ukilowa mara kwa mara. Kamba ya manila ya plastiki ni rahisi kupatikana, lakini jua huila haraka. Ukiona inatoa unga au nyuzi zinakatika ukizikunja, itupe. Usisuke kitanda kwa nyavu chakavu, kwani jua na maji vimekwisha kuzila. Na timba, yaani wavu wa uzi mmoja wa plastiki, usiiguse: inakata ngozi, na sheria ya uvuvi imeipiga marufuku.

Hesabu ya kamba

Ajali nyingi za vitanda hivi huanzia kwenye ufungaji. Watu hupenda kukaza kamba mpaka kitanda kinyooke, wakidhani ndiyo uimara. Kinyume chake ndicho kweli. Chukua mtu wa kilo 80. Kamba zikishuka kwa nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba inabeba mzigo wa kilo 80. Zikikazwa mpaka nyuzi 15, kila moja inabeba kama kilo 155. Zikifika nyuzi 10, mzigo ni kilo 230 kila upande, na mtu ni yuleyule. Hapo hajajitupa kitandani. Akijitupa, mzigo unaweza kuongezeka maradufu au zaidi.

Basi legeza. Nyuzi 30 ndicho kipimo cha kushika. Fundo pia hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingine hadi nusu, kwa hiyo chagua kamba inayohimili angalau mara tano ya uzito unaoutarajia.

Kitanda huvuta miti yake kwa ubavu. Kwa mtu wetu wa kilo 80 na nyuzi 30, kila mti unavutwa ndani kwa nguvu ya takriban kilo 70. Mwembe mkubwa hautashtuka, lakini mgomba, uliojaa kila mahali Kagera, hauna mbao ndani yake na haufai hata kwa mtoto. Mpapai vilevile. Mkaratusi mnene unabeba, ila kagua kwanza matawi makavu juu yake. Nguzo iliyochomekwa mchangani bila kwenda chini vya kutosha italala siku ya kwanza. Na kwenye mti hai tumia mkanda mpana, maana kamba nyembamba hukata gamba, na mti ukiumia mwaka huu, mwakani hutakuwa na pa kufunga.

Mteja naye afundishwe. Akae katikati kwanza, kisha ageuke na kulala mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili. Akilala hivyo, mgongo hunyooka. Kitanda kisizidi kimo cha kiti kutoka ardhini, na chini yake kusiwe na jiwe wala kisiki.

Usalama wa ufuko

Kiangazi cha Bukoba si cha kuaminiwa sana. Mji hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata Julai, mwezi mkavu kuliko yote, manyunyu hayakosi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Mngurumo wa kwanza ukisikika, kila mtu ashuke kitandani na kuondoka chini ya miti, hata kama muda aliolipia haujaisha.

Kuna pia kichocho. Minyoo yake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani na matete. Anayekodisha vitanda awaambie wateja wasiingie sehemu hizo, na aweke choo mbali na maji, kwa sababu mzunguko wa ugonjwa huanzia kwenye mkojo na kinyesi kinachofika ziwani.

Kuhusu mtaji wa kuanzia, halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Naziomba za Bukoba na Muleba zilitazame jambo hili. Kikundi chenye mshona nyavu mmoja, uzi mzuri na ruhusa ya kutumia ufuko bila kujenga kinaweza kuanza kiangazi hikihiki. Na ninyi vijana mnaotaka kuanza, pimeni pembe ya kamba kabla ya kumpokea mteja wa kwanza.