Kwa Nini Gari Mahuluti Lenye Betri Mfu Hukataa Kusukumwa

Gari la kawaida likizimika njiani, dereva hutia gia huru, akaomba msaada, na gari likasukumwa pembeni. Lakini mwenye gari mahuluti, kwa mfano Toyota Prius ya kizazi cha pili iliyotoka mwaka 2003, huenda akashangaa. Betri ikifa, gia huru haipatikani na magurudumu ya mbele hayazunguki. Katika makala hii tutaeleza sababu ya jambo hilo na njia salama ya kulitatua.

Kwanza, ifahamike kwamba gari hilo lina betri mbili. Betri kubwa ina seli 168, kila moja ya volti 1.2, mwanafunzi akizidisha atapata volti 201.6. Hiyo ndiyo inayoendesha mota. Betri ndogo ni ya volti 12, nayo hulisha kompyuta, taa na swichi za sumaku. Gari linapozimwa, swichi hizo huitenga betri kubwa kwa ajili ya usalama, wala haziwezi kuiunganisha tena bila umeme wa betri ndogo. Kwa hiyo betri ndogo ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa.

Pili, wenzo wa gia haukuunganishwa na giaboksi kwa chuma chochote. Kuusogeza ni kupeleka ombi kwa kompyuta. Gari linapozimwa, mota ndogo huingiza kabari ya chuma katika meno ya gia ili gari lisitembee. Kuiondoa kabari hiyo kunahitaji umeme uleule wa volti 12.

Dawa yake, basi, ni kuazima umeme huo. Kwanza magurudumu yawekewe mawe, maana kabari ikitoka gari lililo mlimani litateremka. Kisha betri nzima ya volti 12 iunganishwe: waya chanya kwenye ncha maalumu iliyo ndani ya kisanduku cha fyuzi chini ya boneti, na waya hasi kwenye chuma kitupu cha gari. Kubadilisha chanya na hasi kutaunguza vifaa vya elektroniki, na nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe kamwe, kwa kuwa ni za betri kubwa. Gari halina stata ya kawaida inayodai mkondo mkubwa. Umeme wa kuziamsha kompyuta hutosha. Dereva akanyage breki, abonyeze kitufe cha kuwashia, kisha aushikilie wenzo kwenye gia huru kwa kitambo kidogo. Mara nyingi gari litawaka lenyewe, na kusukuma hakutahitajika.

Hata hivyo, gia huru ya gari hili haiitenganishi mota na magurudumu. Hukata umeme wa mota tu. Magurudumu yakizunguka, sumaku za mota huzunguka pia na kuzalisha umeme, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Kwa sababu hiyo gari lisukumwe polepole, kwa hatua chache tu. Likihitaji kuvutwa mbali, magurudumu ya mbele yainuliwe, au gari lote lipakiwe juu ya lori.

Magari mahuluti hayafanani yote. Mengine yana wenzo wa kawaida. Mwenye gari na asome kitabu chake mapema, kabla hajakwama barabarani.